Kunja Kama Kitenge

“Da Dzigbodi, ukishamla huyo mtu, utashiba?”

Aliyeuliza ni jirani yake, Da Abla, muuza abolo. Alikuwa amesimama ng'ambo ya ua, beseni kichwani, mikate yake ya mahindi ikitoa mvuke ndani ya majani. Upande wa pili Mwalimu Dzigbodi Hotor alikuwa ameinama juu ya sufuria akisonga akple, ugali wa mahindi, na aliposikia swali lile mwiko ulisimama katikati ya unga.

“Nimle nani?”

“Usinifanye mtoto. Nakuuliza kwa sababu umecheka. Tangu tumzike mama yako sijakusikia ukicheka, na leo umecheka peke yako jikoni. Kicheko chenyewe sikukipenda, ndugu yangu. Kilikuwa na meno.”

“Mungu amenipa, Da Abla.”

“Amekupa nini?”

“Amenipa Godsway.”

Da Abla akalitua beseni polepole, akajifuta jasho na ncha ya kanga yake. “Mungu hagawi watu kama abolo,” akasema.

Dzigbodi akaendelea kusonga, kwa nguvu ambayo akple haikuihitaji.

Jina hilo, Dzigbodi, kwa lugha ya mji wao, Avekope, maana yake ni subira, na kwa miaka mingi watu walisema aliyempa hakukosea. Alikuwa mwalimu wa uraia asiyeinua fimbo. Mtoto akichelewa alimuuliza kwanza kama amekula. Kanisani alikaa benchi la tatu pamoja na mama yake, Mama Kosiwa, aliyekuwa mkubwa wa umoja wa kina mama na ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alipotangaza kwamba anagombea ujumbe wa baraza la wilaya, kina mama wale walimbeba begani. Hata mtoto mdogo pale mjini angekuambia: kura za kanisa ni za Dzigbodi.

Godsway Kumordzi naye alijua. Godsway alikuwa na duka la vitenge pembeni mwa soko, duka refu, vitenge vimepangwa hadi darini, na kipaza sauti mlangoni kilichowaita wateja kwa majina. Alikuwa na ulimi wa mfanyabiashara. Naye aligombea. Wengine wawili waliingia pia, lakini hao walikuwa wa kujaza karatasi.

Wiki chache kabla ya kura, Godsway alimfuata Dzigbodi nyumbani na chupa za soda. “Madam,” alimwambia, “tushindane kwa maneno, si kwa ubaya. Hawa kina mama zetu kila uchaguzi wanaulizana karatasi inakunjwaje. Wewe una shule, una mitihani ya kusahihisha. Niachie mimi kina mama wa kanisa, nitawaelekeza bila kutaja jina la mtu.”

Dzigbodi alimshukuru. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia Mungu ambariki.

Siku ya kuhesabu, uwanja wa shule ulijaa. Msimamizi wa kituo alikuwa akiinua kila karatasi juu ili wote waone, kama ilivyo desturi, na watu wakiitikia jina kwa sauti. “Dzigbodi!” Shangwe. “Godsway!” Shangwe. Kisha akainua moja, akaigeuza, akasema, “Imeharibika.” Akaiweka kando. Akainua nyingine. “Imeharibika.” Na nyingine. Kila moja ilikuwa na alama mbili za kidole gumba, maana kule kura hupigwa kwa kidole chenye wino: moja nzito kwenye kisanduku cha Dzigbodi kule juu, nyingine hafifu kwenye kisanduku cha Godsway kule chini. Rundo la kando likakua mpaka likaanza kuporomoka.

“Bibi hawa wanataka kula meza zote mbili!” akapiga kelele mtu wa upande wa Godsway, na uwanja ukacheka.

Dzigbodi alishindwa kwa kura chache, chache kuliko lile rundo.

Kushindwa kunamezeka. Kisichomezeka kilikuja siku ya soko iliyofuata, Godsway alipotoka mlangoni mwa duka lake na kipaza sauti kuwashukuru wapiga kura. “Madam wetu,” alisema, “amewafundisha uraia watoto wa watu wote. Lakini mama yake mzazi hajui kutumia kidole kimoja!” Soko lilicheka mpaka wauza nyanya wakashika mbavu. Mama Kosiwa alikuwa amesimama palepale, mkononi ana fungu la bamia.

Tangu siku ile alikificha kidole gumba chake. Alikikunja ndani ya kiganja, akakifunika na vidole vingine, hata wakati wa kula. Alikata tonge la akple kwa vidole vinne, kwa taabu, kama mtu aliyemfungia mwizi ndani ya nyumba. “Kilitetemeka, mwanangu,” alikuwa akisema. “Nadhani kilitetemeka nikagusa mara mbili. Nimekuangusha kwa kidole changu.” Dzigbodi alimwambia si kweli. Alimwambia asubuhi, alimwambia wakitoka kanisani, alimwambia mama akiwa kitandani hawezi tena kuamka. Mama Kosiwa alitikisa kichwa tu. Alipofariki na kina mama wakaja kumwosha, walikuta ngumi imefungwa juu ya kidole. Dzigbodi ndiye aliyeifungua, kidole kimoja baada ya kingine, akakiosha kile cha mwisho peke yake.

Baada ya hapo aliendelea kwenda kanisani, na aliimba nyimbo zote. Lakini sala ya Bwana ilipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, mdomo wake ulifungwa, ukafunguka tena kwenye maneno yanayofuata. Da Abla, aliyekaa naye benchi moja, alikuwa akilisikia lile pengo kila Jumapili.

Miaka ikapita, Godsway akiitwa Mheshimiwa. Aliwaletea kina mama wa kanisa bomba la maji mlangoni, tuseme haki yake, na wao wakamgeukia mmoja mmoja. Walipompitia sokoni walisema, “Mwanetu.” Dzigbodi aliyasikia hayo akapita. Kisha uchaguzi mwingine ukakaribia, naye hakugombea.

Alichofanya ni kuanzisha blogu na darasa lake la kidato cha pili. Shule ilikuwa imepewa kompyuta kadhaa, na umeme ukiwapo na mtandao ukikubali, ziliweza kufanya kazi. Mpango wake ulikuwa rahisi. Kila mwanafunzi amuulize mtu mzima mmoja nyumbani jambo moja kuhusu kupiga kura. Asibishane naye. Aandike alivyosikia, alete darasani, darasa lijadili, na kilichopona mjadala kiende kwenye blogu. Mwalimu ndiye aliyekuwa na nywila; hakuna kitu kilichotoka bila yeye kukipitia. Jina la blogu walilichagua wanafunzi wenyewe: Kidole Gumba. Dzigbodi aliposikia jina hilo aligeukia ubao, kisha akasema, “Haya, liandikeni.”

Mijadala yao ilisikika mpaka barabarani.

“Mjomba wangu anasema kupiga kura ni kwa watu wasio na kazi,” alisema Courage, mvulana wa benchi la nyuma.

“Na mjomba wako ana kazi gani?”

“Anacheza bao.”

Darasa likaanguka kwa kicheko. Msichana mwingine, Perfect, akasimama. “Babu yangu anasema mgombea akikupa chumvi, chukua chumvi, kisha mpe kura unayemtaka.”

“Huo si uongo?” akauliza Courage. “Umekula chumvi yake.”

“Uongo ni wake aliyeleta chumvi! Kwani chumvi inahusiana nini na barabara?”

“Basi babu yako ale na barabara.”

“Courage, kaa chini,” alisema Dzigbodi, huku akijizuia. “Perfect, andika hiyo. Na hoja ya Courage iandike chini yake, bila kuipunguza.” Makala ile ya chumvi ilisomwa na watu wa Avekope walioko Accra na Lomé, wakajaza maoni chini yake, na wanafunzi wakawa wanatembea kama watu wenye gazeti.

Kisha siku moja akasimama Elikplim. Huyu alikuwa msichana mkimya, anaishi na nyanya yake, Bibi Afiwa, mmoja wa kina mama wa kanisa na rafiki mkubwa wa marehemu Mama Kosiwa. Elikplim alikuwa amemuuliza bibi yake karatasi ya kura inakunjwaje.

“Anasema unatia kidole wino, unabonyeza kwenye kisanduku, halafu unakunja kama kitenge kipya,” alisoma. “Pindo kwa pindo, uso kwa uso, rangi ibaki ndani mtu asiione.”

“Tujaribu,” akasema Courage.

Dzigbodi alikuwa ameshachora karatasi za mfano, ndefu, wagombea wanne mmoja chini ya mwingine, kila mmoja na kisanduku chake upande wa kulia. Elikplim akabonyeza kidole kwenye kisanduku cha kwanza. Akaikunja karatasi kama mama anavyokunja kitenge, ncha ya juu ikaja chini, uso ukalalia uso. Akaifungua.

Alama zilikuwa mbili. Moja nzito juu, nyingine hafifu chini kabisa, kwenye kisanduku cha mgombea wa nne.

“Kura ya bibi yako imekufa,” akasema Courage, na safari hii hakuna aliyecheka.

“Bibi yangu pia anakunja hivyo,” akasema mwingine.

“Na mama yangu mkubwa.”

Dzigbodi aliuliza, na sauti yake wanafunzi hawakuitambua, “Nani aliwafundisha?”

“Bibi anasema ni Mheshimiwa Godsway,” Elikplim alijibu. “Alikuja kanisani na kitenge kipya, akakishika juu wote wakione, akakikunja mbele yao. Pindo kwa pindo. Akawafanya wakunje tena na tena mpaka wote wakajua.”

Mwalimu alitoka nje. Alienda mpaka kwenye tangi la maji nyuma ya madarasa, akafungua bomba, akanawa uso, akanawa tena. Akalitaja jina la mama yake. Kisha akakikumbuka kile alichofanya kwa mikono yake miwili siku ile ya soda, na maji yakaendelea kumwagika chini bila yeye kuyaona.

Wiki iliyofuata Godsway alikuja shuleni mwenyewe. Aliketi ofisini kwa walimu, kofia mikononi, akiizungusha.

“Madam, naisoma blogu yenu. Kazi nzuri sana. Ile ya chumvi nimecheka mpaka mke wangu akaja kuniangalia.”

“Asante, Mheshimiwa.”

“Nilikuwa nafikiri, ingefaa watoto wawafundishe kina mama vitu vidogovidogo. Kusimama foleni. Kutia wino. Kukunja.”

“Kukunja?”

“Karatasi. Si unawajua wazee wetu.”

“Si uliwafundisha wewe?”

“Ni siku nyingi, Madam. Watakuwa wamesahau.”

“Hawajasahau,” alisema Dzigbodi. “Kina mama wale ukiwafundisha kitu, ndio umewafundisha.”

Godsway akacheka kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Kofia ilizunguka haraka zaidi. Na Dzigbodi, akimtazama, akaiona hesabu yote. Kina mama wa kanisa sasa ni wake. Watampigia yeye, kwa upendo, kwa sababu ya bomba. Watakunja pindo kwa pindo, na kura zake mwenyewe zitakufa mikononi mwa mapenzi yao. Hawezi kuwaambia waache bila kusema kwa nini. Amejifunga kwa kamba aliyoisokota.

“Nitaliangalia,” alimwambia, akamsindikiza mpaka getini.

Jioni ile ndipo alipocheka jikoni, na Da Abla akamuuliza kama atashiba.

Hakuhitaji kufanya lolote, na hapo ndipo palipokuwa na utamu. Hakuhitaji kusema uongo, wala kumtukana mtu, wala kumlisha mtu sumu. Alihitaji kuiacha tu makala ya Elikplim kuhusu kukunja ikae palepale ilipo, bila kuichapisha kwenye blogu, mpaka siku ya kura ipite. Usiku alipolala aliiona picha: msimamizi anainua karatasi, “Imeharibika,” anainua nyingine, na Godsway amesimama juani akitazama rundo likikua. Aliiangalia picha hiyo kama mtu anavyoangalia chakula kikiiva. Alikuwa mcha Mungu, naye alimwambia Mungu wazi kabisa: hili usiniombe niliache.

Elikplim alisubiri. Kisha akachoka kusubiri, akanyoosha mkono darasani.

“Madam, ya Perfect imetoka. Ya Courage imetoka, na ina makosa. Yangu iko wapi?”

“Naipitia.”

“Ina kosa gani?”

“Haina kosa.”

“Sasa unapitia nini?” Courage aliropoka, na darasa likamtazama mwalimu, kwa sababu yeye ndiye aliyewafundisha kuuliza hivyo.

Elikplim alibaki amesimama. “Madam, nimeanza kumwambia bibi aache kukunja vile, hataki. Anasema Mheshimiwa ni mtu wa maana, hawezi kuwafundisha vibaya, na mimi ni mtoto. Akiliona kwenye blogu ya shule ataamini. Kila jioni anafanya mazoezi kwa leso yake. Anasema mara ile kura ziliharibika nyingi, labda yake ilikuwemo, labda kidole chake kilikuwa kizito. Jana nilimkuta anakitazama.”

“Anatazama nini?”

“Kidole chake.”

Dzigbodi akaketi.

Isidhaniwe kwamba moyo wake ulilainika. Haukulainika hata kidogo. Alipokuwa akirudi nyumbani alipita mbele ya duka la vitenge, akamwona Godsway akipima yadi kwa mikono yake na kucheka na wateja, akavukia upande wa pili wa barabara ili asimsalimu. Lakini alikuwa mwalimu, na aliuona ubovu wa kazi yake kama anavyouona kwenye daftari la mwanafunzi. Godsway akianguka kimyakimya, watu watamfariji. Watampelekea soda. Watasema kina mama wamezeeka, hawajui kukunja. Na Bibi Afiwa atakifunga kidole chake ndani ya ngumi mpaka kaburini. Hicho ni kisasi gani, anayelipizwa hajui analipizwa, na mzigo anabeba mwanamke mwingine mzee?

Hapana. Godsway alitakiwa ajue. Na wote walitakiwa wamwone akijua.

Akaitisha mdahalo shuleni, wagombea wote waje kujibu maswali ya darasa. Barua za mwaliko ziliandikwa na wanafunzi kwa adabu zote. Kina mama wa kanisa waliwekewa mabenchi ya mbele, na Da Abla akaketi mwishoni mwa benchi, beseni miguuni. Maswali yalikwenda vizuri: barabara, zahanati, taka za soko. Godsway alijibu kwa kipaji chake chote, watu wakampigia makofi.

Kisha Elikplim akainuka na karatasi ya mfano na kidau cha wino.

“Mheshimiwa, tunaomba utupigie kura ya mfano. Utie kidole, ubonyeze, halafu ukunje, wadogo zetu waone.”

Courage alikuwa pembeni na simu ya mwalimu, anapiga video.

Godsway akatabasamu. Akatia kidole, akabonyeza kwenye kisanduku cha kwanza, na mikono yake, kwa mazoea ya mtu anayejua, ikaanza kuikunja karatasi kwa urefu, upande kwa upande, wino uangukie kwenye mstari wa mgombea yuleyule. Ikafika katikati, ikasimama. Akainua macho akaona benchi la mbele.

“Malizia, Mheshimiwa,” alisema Dzigbodi kwa upole. “Watoto wanajifunza.”

“Nadhani… nadhani wameelewa.”

“Hujakunja.”

Bibi Afiwa akainuka, akijitegemeza kwa bega la Da Abla. Hakuwa na ubaya wowote moyoni. Alidhani mwanawe amesahau na anaona aibu. “Godsway,” alimwita, “si hivyo, mwanangu. Kunja kama kitenge. Pindo kwa pindo, uso kwa uso. Umesahau ulivyotufundisha? Lete nikuonyeshe.”

Akaichukua karatasi mkononi mwa Godsway. Wino ulikuwa bado mbichi. Akaikunja taratibu, kwa ustadi, ncha ya juu na ncha ya chini, akailainisha kwa kiganja. Kisha akaifungua ili watu waone kazi nzuri.

Akaiona alama ya pili.

Akakitazama kidole gumba chake, kikavu, hakina wino wowote. Kisha akamtazama Godsway.

“Hiki ndicho ulichotufanyia?”

“Mama, sikiliza, mimi siku ile nilisema…”

“Na Kosiwa?” Sauti yake ilikuwa ndogo lakini uwanja mzima uliisikia. “Kosiwa alikuja kulia nyumbani kwangu kwa ajili ya kidole chake. Nami nilimwambia avumilie, ni uzee. Nilimwambia ni uzee, Godsway!”

Benchi la mbele lote likainuka. Mmoja akauliza, “Ndiyo maana ulitupigisha mazoezi?” Mwingine akasema, “Na bomba lako, tulikunje vipi?” Kutoka nyuma mama mmoja wa sokoni akapaza sauti, “Mheshimiwa, nikunjie yadi mbili, lakini usiniue!” na kicheko kikapasuka, kicheko kilekile cha sokoni, ila sasa kimebadili njia.

Godsway alimtafuta Dzigbodi kwa macho. Dzigbodi hakuyakwepa. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, anakula kwa macho, tonge kwa tonge. Da Abla, aliyekuwa akimtazama yeye badala ya kumtazama Godsway, aliinamisha kichwa akasali.

Makala ya Elikplim ikatoka jioni hiyohiyo, na video chini yake. Siku ya kura kina mama walikunja kwa urefu, na wakati wa kuhesabu msimamizi hakupata nafasi ya kusema “Imeharibika” ila mara mojamoja. Alishinda fundi cherehani kijana ambaye hakuna aliyemtilia maanani. Godsway alikuwa wa tatu.

Lakini video haikuishia pale. Ilikwenda mji wa Ho, ikavuka mpaka ikaingia Lomé kwa wauzaji wa jumla wa vitenge. Mtu akinunua kitambaa popote pale alisema, “Usinikunjie kama kura.” Wateja walipita mbele ya duka la Godsway wakiinua kidole gumba. Kipaza sauti cha mlangoni kikanyamaza. Binti yake mdogo alirudi kutoka shule ya bweni akilia.

Basi alasiri moja akaja nyumbani kwa Dzigbodi, akasimama ng'ambo ya ua, mahali ambapo Da Abla husimama. Da Abla mwenyewe alikuwa ndani, amekuja kuazima kinu, akabaki amekishika.

“Madam, nimeshindwa, na umeona nilivyoshindwa,” alisema Godsway. Hakuwa na kofia ya kuzungusha. “Ile video iondoe. Nywila unayo wewe. Wanangu wanaiona, wakwe zangu wanaiona. Nakuomba. Niambie unataka nini, nitafanya.”

“Nikitaka duka lako?”

“Madam…”

“Sitaki duka lako. Hutapata mteja hata nikikuachia.”

“Da Dzigbodi,” Da Abla alimwita kwa sauti ya chini.

Dzigbodi aliinua mkono, akamzuia. Alikuwa anakata bamia. Akakiweka kisu, akanawa, akajifuta mikono kwenye kanga, akasogea mpaka kwenye ua. Walikuwa karibu kiasi cha kushikana mikono. Alimtazama mtu huyo, na macho yake yalikuwa makavu, na hayakuwa na msamaha ndani yake.

“Nenda makaburini,” alimwambia. “Kaburi la mama ni la pili kutoka kwenye ukuta. Piga magoti, uongee kwa sauti. Mwambie kidole chake hakikukosea.”